Baba, Ukishaitikia "Marahaba" Usiishie Hapo

Mwezi huu nimeamua kuwapumzisha akina mama, maana wao tumewasema mpaka wamechoka. Leo ni zamu ya akina baba. Kaka zangu, msilifunge jarida! Sijaja kuwasuta. Nimewaletea jambo ambalo halihitaji hela, halihitaji digrii, na mnaweza kulianza leo leo jioni.

Tuanze na kitu kinachotokea kila siku majumbani kwetu. Ni saa moja usiku. Watoto wanaruka kwenye kochi, televisheni inaongea peke yake, kicheko mpaka nje. Mara mmoja anasikia mlio wa geti: "Baba kaja!" Ghafla kimya. Wa kwanza anakimbilia daftari, wa pili anakimbilia jikoni kwa mama, wa tatu anajifanya amelala. Anayebaki sebuleni ndiye anayepiga goti kidogo: "Shikamoo baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Basi. Kikao kimefungwa mpaka kesho muda kama huu.

Wapo akina baba wanaoona hiyo ni heshima. Sawa, heshima ni muhimu, na hakuna anayetaka mtoto asiyejua kusalimia. Lakini tujiulize kidogo: mtoto ambaye mazungumzo yake yote na baba yanaishia kwenye "sijambo", siku akishikwa vibaya na mtu mzima huko njiani, au akianza kupewa lifti na zawadi asizozielewa, atamwambia nani? Ndiyo maana mada hii si ya kupoteza muda. Mlango wa mtoto kuzungumza na baba yake hauwezi kufunguliwa siku ya matatizo kama haukuwahi kufunguliwa siku za kawaida.

BABA FULANI WA BABATI

Nizungumzie hapa hapa Babati. Tangu mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002 na mji wetu kuwa makao makuu, Babati imejaa kila aina ya baba. Kuna mtumishi wa serikali aliyehamishiwa hapa, kuna mfanyabiashara wa sokoni, kuna dereva wa lori anayepita makutano yetu akienda Arusha, Singida au Dodoma, kuna mkulima wa mahindi na mbaazi wa Bonga au Sigino, kuna kijana wa bodaboda pale stendi. Mgorowa, Mwiraqw, Mrangi, Mdatoga, Mchaga, wote tuko humu humu.

Tuchukue mmoja wao, tumwite Baba Fulani, maana sitaki kesi na mtu. Baba Fulani ni mchapakazi. Anatoka alfajiri watoto wamelala, anarudi usiku wamelala. Ukimwambia hayuko karibu na wanawe anakasirika kweli: "Nani analipa ada? Nani ananunua unga? Hizo sare wamevaa zimeota?" Na ana haki ya kukasirika, kwa sababu analipa kweli. Upendo wake wote ameuweka kwenye hela.

Shida ya upendo uliowekwa kwenye hela ni kwamba hela huwa inayumba. Mnakumbuka mwaka 2017? India ilipobana uingizaji wa mbaazi kutoka nje, bei huku kwetu ilianguka vibaya, na familia nyingi za Babati zilizokuwa zikitegemea zao hilo zikabaki zinatazama magunia. Baba ambaye kwa wanawe ni ada na unga tu, msimu kama huo anajiona hana cha kuwapa. Anaanza kuchelewa kurudi, si kwa sababu ana kazi, ila kwa aibu. Watoto nao wanaona baba amepotea na hela zimepotea, hawajui kipi kimeondoka na kipi. Lakini baba aliyezoea kukaa na wanawe, hata msimu ukiwa mbaya, anarudi nyumbani na bado ana kitu mkononi.

SHERIA NAYO INASEMAJE?

Kuna watu wakisikia habari za baba kucheza na mtoto wanadhani ni mambo ya kwenye filamu za Kizungu. Hebu tuangalie sheria yetu wenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja mambo ambayo mzazi anapaswa kumpatia mtoto, inaanza na chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo. Kisha kwenye orodha hiyo hiyo inaweka haki ya kucheza na kupumzika. Umeona? Kucheza kumekaa meza moja na ugali na ada. Ukilipa ada ukasahau mchezo, deni bado lipo.

Hata Serikali ilipozindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, ilitaja mambo matano anayohitaji mtoto tangu tumboni hadi miaka minane: afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali, na malezi yenye mwitikio. Hilo la mwisho jina lake ni refu lakini maana yake ni nyepesi kabisa. Mtoto akitoa ishara, mkubwa anajibu. Mchanga akitoa sauti, unamrudishia sauti. Akinyoosha kidole kwa kuku, unasema, "Enhee, kuku yule, anakula nini?" Akilia, unamwangalia kwanza kabla ya kumnyamazisha. Ni kama kupigiana danadana: yeye anatupa, wewe unarudisha. Na hakuna mahali palipoandikwa kwamba danadana hiyo ni ya mama peke yake.

MWILI WA BABA NAO UNAJUA

Sasa hapa kaeni vizuri, maana haya wengi hawajawahi kuyasikia, na yametokea karibu na mlango wetu.

Jirani zetu Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na wengine wako Yaeda Chini, wilaya ya Mbulu, humu humu mkoani Manyara. Kabila hili la wawindaji na warina asali linajulikana na watafiti kwa jambo moja: akina baba wao hukaa sana na watoto wadogo, huwabeba na kuwachezesha kambini. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Martin Muller, wakiwa pamoja na Frank Marlowe aliyewasoma Wahadzabe kwa miaka mingi, walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume wa Kihadzabe na jirani zao wafugaji, Wadatoga. Walichopima ni testosteroni, ile homoni ya kiume.

Wakakuta hivi: kwa Wahadzabe, wanaume wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambako kazi ya mtoto mchanga huachiwa zaidi akina mama, hapakuwa na tofauti hiyo. Si kwamba Mdatoga hampendi mwanawe, jamani! Hao ng'ombe anaohangaika nao juani ni wa mwanawe huyo huyo. Kinachoonekana ni kwamba kuitwa baba peke yake hakuendi na mabadiliko hayo mwilini. Yanaonekana pale ambapo baba na mtoto wanakaa karibu.

Mbishi atasema: huenda wanaume wapole ndio wanaopenda watoto toka mwanzo. Swali zuri. Mwaka 2011 watafiti wengine walitoa matokeo kutoka Ufilipino, ambako waliwafuatilia wanaume 624 kwa miaka kama minne na nusu. Waliwapima wakiwa vijana wasio na watoto, wakaja kuwapima tena baadaye baadhi yao wakiwa tayari akina baba. Wale waliopata watoto homoni yao ilishuka kuliko wenzao, na waliokuwa wakitumia saa tatu au zaidi kwa siku kulea ndio walikuwa na kiwango cha chini kuliko akina baba wasiojihusisha. Wanaume ni wale wale, maisha ndiyo yaliyobadilika.

Najua kuna kaka ameshtuka hapo. Tulia, ndevu hazidondoki na uanaume hauendi popote! Wahadzabe hao hao ndio wanaowinda kwa upinde. Tafsiri ya watafiti ni kwamba mwili wa mwanaume unapunguza moto wa kugombana na kutafuta, ili apate utulivu wa kutunza alichonacho. Kwa hiyo ukiambiwa kulea ni kazi ya wanawake kwa maumbile, jibu unalo, na umelipata mkoani kwako.

DAKIKA ZIPO, ZITAFUTE

"Dada, wewe unaongea tu, mimi muda sina." Nimekusikia. Sikuambii uache kazi. Nakuambia uangalie zile dakika ambazo tayari unazo, halafu umwingize mtoto ndani yake. Mifano ni hii:

Asubuhi. Kama unatoka wakiwa wamelala, mara mbili kwa wiki amka robo saa mapema, umwamshe mmoja mnywe chai pamoja. Wewe na yeye tu. Wiki inayofuata zamu ya mwingine. Mtoto anayejua zamu yake ni Alhamisi, Jumatano halali!

Njiani. Kijana wa bodaboda, unabeba watoto wa watu kila siku. Wako umempeleka shule lini? Siku moja kwa wiki mpeleke wewe, umvalishe kofia ngumu, mkiwa njiani mhesabu ng'ombe, mtafute gari jekundu, au akuonyeshe anapokaa rafiki yake. Anayetembea kwa miguu ndiye mwenye bahati zaidi, maana njia yake ni ndefu na maneno yanaingia mengi.

Kazini. Ukiwa unafunga pikipiki, unapiga rangi, unapukuchua mahindi au unachambua mbegu, mwite. Mpe kazi inayolingana na mikono yake: "Nishikie hii spana." Atakuchelewesha, ndiyo. Lakini watoto wengi, hasa wa kiume, hawazungumzi ukiwakalisha mkatazamana. Wanazungumza mikono ikiwa na shughuli. Jambo ambalo lingechukua saa nzima kulivuta litatoka lenyewe katikati ya nati na bolti.

Bafuni. Mtoto mdogo anaogeshwa kila siku. Chukua zamu. Dakika kumi za maji na povu, na mnaimba chochote mnachokijua, hata kama sauti yako ni ya kufukuza ndege shambani.

Kliniki. Kadi ya mtoto ile si ya mama peke yake. Nenda mara moja uone mwanao anavyopimwa uzito na uulize maswali yako. Vituo vingi huwahudumia mapema akina mama waliokuja na wenza wao, kwa hiyo hata foleni inaweza kukuhurumia. Na wewe uliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikuwekea likizo ya uzazi ya baba isiyopungua siku tatu, yenye malipo, ukiichukua ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ni chache, tunakubali. Basi zitumie kumshika mtoto, usizimalize kwa kupokea pongezi za wageni.

Jumapili. Tuna ziwa mjini kwetu, watu wanatoka mbali kuja kuliona, na kuna watoto wa Babati hawajawahi kwenda na baba zao. Nendeni jioni mapema mkatazame viboko kwa mbali, mkimsikiliza mwenyeji anayejua walipo, na muondoke kabla giza halijaingia kwa sababu usiku wanatoka kula majani. Safari hiyo gharama yake ni muhogo wa kuchoma tu.

SWALI LA PILI

Turudi kwenye "marahaba". Baba wengi wanajitahidi, wanaongeza swali: "Shule vipi?" Mtoto anajibu: "Nzuri." Mazungumzo yamekufa pale pale. Tatizo si mtoto, ni swali. Swali linaloweza kujibiwa kwa neno moja litajibiwa kwa neno moja.

Jaribu haya: "Leo nani kachekesha darasani?" "Mwalimu gani leo alikuwa na hasira, na kisa nini?" "Ungekuwa wewe ndiye mwalimu mkuu kesho, ungebadilisha kitu gani?" "Mchezo gani mlicheza mapumziko, na nani alidhulumu?" Hapo utashangaa. Yule yule wa "nzuri" anakaa kwenye mkono wa kochi na hadithi haina mwisho.

Akishaanza, kazi yako ni moja: sikiliza. Simu weka chini kifudifudi. Usikimbilie kutoa hukumu wala somo. Akikuambia amechapwa kwa kuchelewa, kabla ya kusema "wewe nawe umezidi," sema "pole, ikawaje?" Neno "ikawaje" lina nguvu kuliko hotuba ya nusu saa.

Na zamu yako ikifika, nawe simulia. Mwambie ulipokuwa na umri wake uliogopa nini, ulianguka wapi, babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Mtoto anayejua hadithi za baba yake anajiona ana pa kuegemea.

KIBOKO CHA ZIWANI NA KIBOKO CHA NYUMBANI

Babati tuna viboko ziwani, lakini kuna kiboko kingine kinaning'inia juu ya mlango wa chumba cha baba. Hicho nacho tukiseme.

Baba anayeonekana tu wakati wa adhabu, mtoto humjifunza kama anavyomjifunza kiboko wa ziwani: ajue anatokea saa ngapi, na akae mbali. Watoto wa namna hiyo si kwamba hawakosi. Wanakosea kama wengine, ila wanajua kuficha. Baba anajisifu nyumba ina nidhamu, kumbe nyumba ina siri.

Kumrekebisha mtoto hakuhitaji kumtetemesha. Kosa litajwe, asubiriwe aeleze, alipie kwa kazi inayohusiana na kosa: umemwaga, futa, umevunja, tusaidiane kutengeneza, umemtukana mdogo wako, kamwombe radhi. Baba mwenye ukaribu na mwanawe akisema tu "leo umenisikitisha," mtoto halali. Baba asiye na ukaribu huo hata apaze sauti hadi Mlima Kwaraa uitikie, mtoto anasubiri tu imalizike.

BABA ALIYE MBALI

Wapo wanaosoma hapa wakiwa Mirerani, wanaapolo wanaotafuta tanzanaiti chini ya ardhi, na wengine wako barabarani na malori wiki nzima. Kaka, najua unatuma hela, tena unatuma na ya kutolea. Lakini pamoja na hela, umetuma sauti?

Weka muda wa kupiga ambao mtoto ataujua, kwa mfano Jumatano na Jumapili saa moja jioni. Dakika tano zinazotimizwa ni bora kuliko ahadi ya saa nzima. Ongea na mtoto mwenyewe, usiishie kwa mama yake na "wasalimie watoto." Kumbuka alichokuambia mara ya mwisho umuulize: "Lile jino limeshatoka?" Swali hilo moja linamwambia mtoto kwamba huko uliko, katikati ya vumbi na kelele, alikuwemo kichwani mwako. Na ukiahidi utarudi tarehe fulani halafu ikashindikana, piga mwenyewe useme. Usimwachie mama yake kazi ya kufuta machozi yako.

Na wewe mliyeachana na mama mtoto, hukuachana na mtoto. Sheria ya Mtoto inampa mzazi nafasi ya kuomba mahakamani ruhusa ya kumwona mwanawe, na ofisi za ustawi wa jamii kwenye halmashauri zetu zipo kusaidia watu kuelewana kabla hawajafika huko. Ukimpata, usimhoji habari za nyumba ya pili. Muda wenu ni wenu.

MAMA NAO WAKAE KANDO KIDOGO

Nilisema leo akina mama wanapumzika, lakini siwezi kufunga bila kuwagusa mara mbili.

La kwanza: "Subiri baba yako arudi, atakukoma!" Dada yangu, ukisema hivyo kila siku, umemgeuza mumeo kuwa polisi ndani ya nyumba yake. Mtoto amekosea saa nne asubuhi, anaanza kumwogopa baba tangu saa hiyo hadi usiku, na baba wa watu hata hana habari, amebeba mkate mkononi. Kosa la asubuhi lilipiwe asubuhi.

La pili: baba akijaribu, mwache akosee. Atamvalisha mtoto soksi zisizofanana. Atampaka mafuta mengi mpaka ang'ae kama taa. Usimnyang'anye mtoto, wala usimcheke mbele za watu. Mwanaume akichekwa mara mbili kwa kitu kile kile, mara ya tatu anakwenda kibanda umiza kuangalia mpira. Na majirani nao wakianza na yao, kwamba mwanaume anayebeba mtoto mgongoni amelishwa limbwata, wewe ndiye uwe wa kwanza kumtetea. Waambie kama hilo ni limbwata, basi Wahadzabe wote wamelishwa!

JIPIME MWENYEWE

Haya, kaka zangu, kalamu mkononi. Jibu bila kumuuliza mama watoto:

1. Mwalimu wa darasa wa mwanao anaitwa nani?
2. Rafiki yake mkubwa ni nani, na anakaa wapi?
3. Anaogopa nini usiku?
4. Chakula gani hakipendi lakini anakula kwa kukuogopa?
5. Mara ya mwisho alilia kwa sababu gani?
6. Kitu gani anakijua vizuri kuliko wewe?

Ukipata tano au sita, hongera, uko karibu naye, endelea hivyo hivyo. Ukipata tatu au nne, uko njiani. Ukipata mbili kushuka chini, na kikosi cha kwanza cha Simba au Yanga unakitaja chote pamoja na wachezaji wa akiba, basi akili ya kukumbuka unayo, kaka. Majina ya kukumbuka ndiyo tubadilishe.

Usijilaumu, wala usiende nyumbani leo na mabadiliko ya kutisha, ukamkumbatia mtoto wa miaka kumi na minne kwa ghafla akadhani umeambiwa una ugonjwa. Anza kidogo. Chagua dakika kumi tu, muda ule ule kila siku, kwa wiki nne. Siku mbili tatu za mwanzo mtoto atakutazama kwa mashaka, hasa kama hajazoea. Vumilia. Anapima kama utarudi kesho. Rudi kesho.

Ukifika mwisho wa mwezi, rudia yale maswali sita na uangalie kama majibu yameongezeka. Mwezi ujao tutazungumzia mama wa kambo na watoto aliowakuta, mada ambayo najua itachoma wengi. Mpaka hapo, wasalimieni watoto. Baba, wewe wasalimie mwenyewe, tena kwa jina, mmoja mmoja.